Barabara Imefika Ziwani, Mzigo Ni wa Nani?



Nimeombwa niseme machache kuhusu barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay. Wengi humu mnaikumbuka ilivyokuwa: utelezi wa masika, abiria kushuka kusukuma gari, dagaa kufika Mbinga wameshaharibika. Leo ni kilometa 66 za lami, kutoka milima ya Umatengo hadi ufukweni.

Lakini haikujengwa kwa ajili yetu peke yetu. Ni kipande cha mwisho cha njia inayoanzia bandari ya Mtwara, ikapita Songea, ikaishia ziwani. Ng'ambo ni Malawi, nchi isiyo na bahari. Anga likiwa safi milima yao tunaiona, lakini mtu wa huku akitaka kwenda kwa gari sharti azunguke Njombe, Makambako na Mbeya hadi mpaka wa Kasumulu. Kwa maji, Nkhata Bay iko mbele yetu tu. Ndiyo maana mwaka 2024 zilianza kazi za kujenga bandari mpya Mbamba Bay. Meli zikizoea, malori yatapita usiku na mchana.

Swali langu: yatapita na mzigo wa nani? Mkulima wa kule mlimani, mwenye kahawa yake na maharage ya kwenye ngoro, bado anashusha gunia kwa bodaboda hadi lami. Mvua ikinyesha kijito kinajaa, bodaboda haipiti. Mama mjamzito naye njia yake ni hiyohiyo. Wazee mliowahi kubeba machela usiku hamhitaji kuelezwa. Kwa nyumba iliyo ng'ambo ya kijito hicho, lami bado ni ya watu wengine.

Wapo wanaosema barabara za vijijini ni kazi ya TARURA, tusubiri. Ni kweli, ni kazi yao, na hatutajenga bila wataalamu wao kukagua. Lakini mawe na mchanga wanakijiji wanaweza kusomba wenyewe. Wasichoweza ni saruji, nondo na malipo ya mafundi, na harambee ya mwaka huu ni ya makalvati hayo.

Kitabu cha ahadi kiko kwa Mweka Hazina. Mwenye uwezo wa mfuko mmoja wa saruji aandike mmoja, asione haya. Mwenye uwezo wa kumi, tafadhali asiandike mmoja.