Watakula Nini Huko? Safari Fupi ya Kisii na Nyamira

(Mazungumzo mbele ya vijana na wazazi, Mombasa, katika kuikaribisha Ramadhani)



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Wazazi wetu watukufu, ndugu zangu, dada zangu. Nimepewa dakika ishirini nizungumze juu ya safari, na mwenyekiti ameshaanza kutazama saa yake, kwa hivyo naingia moja kwa moja.

Kila mwaka nafasi za vyuo vikuu zikitangazwa, kuna nyumba hapa kwetu ambazo furaha yake hudumu mpaka lisomwe jina la mahali. Likisomwa la Nairobi, alhamdulillahi. Likisomwa la Kisii, watu kimya. Kisha linatoka swali, na aghlabu hutoka kwa mama: "Watakula nini huko?" Naijua nyumba moja, sitaitaja, ambayo msichana aliyenipita mimi kwa alama alikaa mwaka mzima bila kusoma kwa sababu ya swali hilo. Si karo, wala si umbali. Ni chakula.

Mimi nasoma huko, huu ni mwaka wangu wa tatu. Mwezi wa Rajab tulipata mapumziko mafupi, tukatoka vijana wanne, Jumatano hadi Ijumaa, kuizunguka Kisii na Nyamira. Wawili kati yetu walikuwa wageni kabisa wa bara, na tangu waripoti chuoni chakula chao kilikuwa ni chipsi, mkate na mayai ya kuchemsha. Nia ilikuwa kutazama nchi na kula vya wenyeji. Nitawaeleza tulivyoviona na tulivyovila, na nyinyi wazazi mtajijibu wenyewe.

Nchi kwanza. Mji wa Kisii uko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ukishuka kwenye basi la usiku alfajiri, utatafuta sweta, kanzu ya Mombasa haitakufaa kitu. Hakuna uwanda. Ni kilima, bonde, mto, kilima tena, na migomba kila upande, na udongo mwekundu unaong'ang'ania kiatu. Mvua ya huko hupita milimita 1,500 kwa mwaka, nayo ina desturi yake: asubuhi jua, adhuhuri mawingu, alasiri inamwagika kwa radi. Na radi za Kisii si za mchezo, zimeshaua watu wengi, kwa hivyo ikianza kunguruma usikae chini ya mti wala usibaki juu ya kilima ati unapiga picha.

Watu nao ni wengi, mashaallah. Hesabu ya mwaka 2019 ilikuta zaidi ya watu 1,260,000 katika kaunti ya Kisii na zaidi ya 600,000 Nyamira, na kaunti hizo mbili ukiziunganisha hazifiki hata robo ya ukubwa wa Kilifi. Ndiyo maana utaona kila kipande kimelimwa, hata miteremko mikali ambayo mkulima hupalilia kwa mkono mmoja, wa pili ameshikilia kitu asiporomoke.

Jumatano tulipanda Probox mpaka Keroka. Wanaozijua Probox za Kisii wameshaanza kucheka. Gari la watu watano linabeba tisa, na dereva bado anaita abiria.

Keroka umekaa mpakani mwa kaunti mbili, na soko lake ni darasa. Avokado kwa ndoo. Ndizi za kila aina, za kuiva na za kupika. Halafu mboga, mafungu kwa mafungu, na hapo mmoja wa wageni wetu akauliza haya majani ni ya nini, ya ng'ombe? Nikamwonyesha. Hii Wakisii wanaiita chinsaga, Wakenya wengi wanasema saga, na nyanya zetu hapa pwani wanaijua kwa jina la mgagani. Ile rinagu ndiyo managu, na sisi tunaiita mnavu. Na ile nyingine yenye majani manene ya kuteleza ni nderema, jina ni lile lile. Kwa hivyo ni mboga zetu wenyewe, jamani, ila sisi tumeziacha tukashika sukuma wiki na mchicha, wao hawakuziacha.

Kutoka hapo tukapita Nyansiongo, tukazunguka mpaka Nyamira. Hiyo ndiyo sehemu ya majani chai. Milima yote imevaa kijani kimoja, kimekatwa sawasawa kwa juu kama zulia, na wachumaji wamezama mpaka kiunoni na vikapu mgongoni. Huchumwa majani mawili na kichipukizi chake, na lazima yafike kiwandani siku hiyo hiyo kabla hayajaharibika. Kule viwanda viko vingi, Nyansiongo, Kebirigo, Sanganyi na vinginevyo. Sisi tunaofungulia kwa chai ya tangawizi kila Ramadhani, hatuulizi imetoka wapi.

Sasa nifike penye shughuli. Tulikuwa tumealikwa nyumbani kwa mwanafunzi mwenzetu, Mkisii, si mbali na Kebirigo. Tumefika, watoto wanakimbia wanaita "Baba! Baba!" na anayetoka ni mama yao. Wageni wangu wakatazamana. Katika Ekegusii, mama ndiye huitwa baba, na baba huitwa tata. Mkienda huko msije mkachanganyikiwa.

Chakula kilikuwa hivi. Obokima, yaani ugali wa wimbi, mweusi, mzito, umewekwa ndani ya kikapu kilichosukwa ambacho wanakiita ekee, na humo haupoi upesi. Saga iliyopikwa tangu jana yake, ikachemshwa mpaka uchungu ukapungua, ikatiwa maziwa, ikaachwa ilale. Na maziwa ya kugandishwa kwenye kibuyu, amabere amaruranu. Ladha ya saga nitasema ukweli, mara ya kwanza ni chungu. Mara ya pili unaitafuta. Obokima hauvunjwi kama ugali wa sembe, unavutika, na ukishakula asubuhi hutajua njaa mpaka magharibi. Wenye kutafuta daku ya maana wasikie hilo. Mahindi yalikuja kushika nafasi wakati wa ukoloni, kabla yake chakula cha watu hawa kilikuwa wimbi na mtama, na wimbi ukikaushwa vizuri hukaa ghalani miaka bila kuliwa na wadudu.

Na kando ya mlango alikuwa jogoo amefungwa mguu. Mzee wa nyumba akatwambia: "Nimesikia nyinyi huchinja wenyewe. Huyo amewangoja tangu asubuhi. Kisu hiki hapa." Wallahi sikuwa nimemwambia neno. Tukauliza upande wa kibla. Hapa Mombasa tumezoea karibu kaskazini kabisa, kule unainamia mashariki kidogo. Tukachinja, mama akapika.

Basi meza imeandaliwa, na mwenzetu mmoja akafungua mkoba akatoa mkate na mayai yake.

Mama hakukasirika. Aliuliza tu, kwa Kiswahili cha taratibu: "Mwanangu, chakula chetu kina nini?" Kijana akainama. Akasema kwa sauti ndogo kwamba anachelea vyungu, huenda vimepikiwa nguruwe, au kuna pombe. Yule mama akacheka mpaka akakaa chini. "Nguruwe? Sisi ni Wasabato! Hatuli nguruwe na pombe haijaingia nyumba hii." Na ni kweli, Wasabato ni wengi sana Kisii na Nyamira, na mafundisho yao yanakataza vyote viwili. Kijana wa watu amekaa miezi minne anakula chipsi za mafuta yaliyorudiwa mara kumi, na jirani zake wanakwepa nguruwe kama yeye.

Nisieleweke vibaya. Kujihadhari ni katika dini yetu, na wanavyuoni wametufundisha kwamba asili ya chakula ni halali mpaka ithibiti kinachokiharamisha. Cha kuthibitisha kipo. Nafaka hiyo hiyo ya wimbi hutiwa kwenye busaa, kwa hivyo ukiletewa kinywaji kizito kwenye kibuyu usichokijua, uliza. Uji uliochachuka kidogo ni uji, busaa ni busaa. Nyama ya hotelini, uliza mchinjaji. Miji mingi ya Kenya machinjio yake huajiri Muislamu, lakini kuuliza hakugharimu kitu. Ila kuuliza ni jambo moja, na kumfungulia mtu mkate wako mbele ya sufuria yake ni jambo jingine. Yule mama aliumia, nilimwona, ingawa alicheka.

Kijana alikula. Alirudia obokima mara mbili. Jioni nikamsimulia yule mama habari za msichana aliyekaa nyumbani mwaka mzima. Alinyamaza, akaendelea kuchambua mboga, kisha akasema: "Mwambie mama yake anipigie simu." Namba ninayo, na anayeihitaji anione baada ya isha.

Juu ya maziwa yale niongeze kidogo. Mbali huko milima ya Caucasus, baina ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, kuna Waislamu wa milimani, Wakarachai na wenzao, ambao maziwa yao ya kugandishwa, kefir, yanauzwa leo duniani kote kwenye chupa za bei ghali. Hapa kwetu kibuyu tunakiona ushamba.

Alhamisi tulikuwa tumefunga sunna, tukapanda Manga. Ni ukingo mrefu wa miamba, ukisimama juu unauona mji wa Kisii chini, paa za mabati zinang'aa baina ya migomba, na siku ya anga safi unaliona Ziwa Victoria upande wa magharibi kama utepe. Siku ile mvua ilitusamehe. Hapo juu simu ya mwenzetu ikaadhini magharibi, na jua bado liko pale pale juu ya ziwa, linatutazama. Simu ilikuwa bado imewekwa Mombasa! Kisii iko magharibi ya Mombasa kwa karibu digrii tano, na kila digrii ni dakika nne, kwa hivyo jua la kule huchelewa dakika ishirini hivi. Wanafunzi mnaokwenda huko, msifuturu kwa adhana ya redio ya Mombasa. Tulingoja, tukafungua kwa tende na ndizi za Keroka.

Ijumaa asubuhi tulikwenda Tabaka, kwa barabara ya Migori ukakata kushoto, kuona wanavyochonga lile jiwe laini, jeupe na la waridi, wakilisugua kwa msasa na maji. Hapo sikukaa sana, ila vumbi lake ni jingi na wachongaji wengi hawafuniki pua, jambo ambalo si zuri.

Tukawahi swala ya Ijumaa mjini. Baadaye mzee mmoja wa Kinubi akatuchukua kwake, mtaa wa Nubia. Wanubi ni wazao wa askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la King's African Rifles, na wamekaa Kisii vizazi kadhaa wakiswali, wakioa na kuzika. Alitupa gurusa, chapati nyepesi za unga wa kumimina, na chai, na kando yake bakuli la saga. Tukamuuliza hilo swali la wazazi wetu. Akashangaa. "Nimezaliwa hapa," akasema, "mnaniona nimekonda?"

Yule mama wa Kebirigo alitufungia mbegu za saga kwenye kipande cha gazeti, na kilo nne za wimbi. Mbegu nimezipanda kwenye ndoo uani kwetu, zimeota. Wimbi nimewakabidhi akina mama wa kamati ya futari, umeshasagwa, na uji wa siku ya kwanza utakuwa wa Nyamira inshaallah. Atakayeuona mweusi asiuogope, atie maziwa.