Niliyojifunza katika Mashindano ya Biashara

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Nungwi)



Ndugu Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya jambo lenye faida kwa vijana, na akaongeza kwamba nisizidishe robo saa kwa kuwa wali unangoja. Nitajitahidi kutii amri zote mbili. Nimechagua kusema juu ya mashindano ya biashara ya wanafunzi. Niliwahi kushiriki mwaka 2014, nilipokuwa chuoni Dar es Salaam, na swali tulilopewa siku ile lilitoka hapa hapa Nungwi.

Kwanza nieleze mashindano haya ni kitu gani, maana zama zetu za skuli hatukuyajua. Mwanafunzi haulizwi maana ya faida na hasara. Hupewa kisa cha biashara, kurasa kumi au ishirini, chenye habari za mwenye biashara, hesabu zake na shida iliyomkabili. Kikundi cha watu wanne hivi hufungiwa chumbani kwa saa chache, kisha hutoka na shauri moja, nalo hulitetea mbele ya waamuzi. Mtindo huu wa kusomesha kwa visa ulikuzwa na skuli ya biashara ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1908. Huko Montreal, Kanada, wanafunzi wa shahada ya pili wamekuwa wakishindana kwa njia hii tangu mwaka 1981. Kwetu Tanzania, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitivo cha biashara na uongozi mwaka 1979, na mbegu za mambo haya zimeendelea kuota vyuoni.

Sisi tulikuwa wanne: mimi mtoto wa Nungwi, ndugu mmoja wa Pemba, dada mmoja wa Moshi, na kijana wa Mwanza. Tulipewa saa tano, tangu saa mbili asubuhi mpaka saa saba mchana. Baada ya hapo ni dakika ishirini za kueleza na dakika kumi za kuulizwa.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Fundi wa kuunda vyombo, hapa Nungwi, ana oda ya mashua moja ya uvuvi. Mwenye hoteli anamwambia kwamba anataka vyombo viwili vya kutembeza wageni, naye atavinunua vikiwa tayari. Benki moja iko radhi kumkopesha fundi fedha za mbao na mishahara, kwa riba. Swali: akope, au asikope?

Ndugu Mwenyekiti, dada yetu wa Moshi ni hodari wa hesabu. Haijafika saa tatu u nusu alikwisha kutuonyesha kwamba, ukitoa riba na gharama zote, fundi anabaki na faida nzuri. Ingewezekana kuishia hapo na kuanza kuandika. Lakini palikuwa na mambo mawili.

La kwanza nililiona mimi, kwa kuwa nimekulia pwani hii. Mnajua wote jinsi chombo kinavyoundwa. Mkuku hulazwa kwanza, mbao za ubavuni zikafuata, mataruma yakatiwa, kisha kalafati, na mwisho watu wakaitana kukishua maji yakijaa bamvua. Mbao na misumari hununuliwa mwanzo. Fedha za mnunuzi wa mwenye hoteli zinakuja mwisho. Katikati pana miezi mingi ya kuwalipa mafundi. Nikahesabu miezi ile juu ya kalenda, nikaona vyombo vitakuwa tayari wakati wa masika, hoteli zikiwa na wageni haba. Mwenye hoteli hana haraka ya kununua wakati huo, wala hajatia saini popote, na benki haingoji wageni warudi. Faida ilikuwapo katika karatasi, lakini fedha zingekosekana siku zinapohitajika.

La pili lilitaka kutuvunja. Ndugu yetu wa Pemba aliweka kalamu chini akasema, "Mimi sitasimama mbele za watu nikamshauri Mwislamu mwenzangu aingie katika riba." Kijana wa Mwanza akamjibu kwamba waamuzi watatoa alama kwa yaliyomo katika kisa, na imani ya mtu ibaki kwake. Maneno yakapanda. Mmoja alikwisha simama kuelekea mlangoni, na saa ya ukutani ilikuwa ikisoma saa nne na nusu. Nusu ya muda wetu ilikwenda, na hatukuwa na hata mstari mmoja.

Aliyetuokoa ni dada wa Moshi, ambaye ni Mkristo. Aliuliza kwa upole: "Huyu fundi mwenyewe, mkopo huu ataukubali?"

Tukanyamaza. Nikamwambia ninawajua mafundi wa hapa, na wengi wao hawataukubali. Akasema, "Basi hata tukimshauri, hatafanya. Tutafute atakachofanya." Toka hapo ugomvi ulikwisha, kwa sababu hatukuwa tena tukipima imani ya nani kati yetu ina haki ya kusema. Tulikuwa tunamtazama mwenye shida. Hata kijana wa Mwanza alikubali mara moja, kwani hiyo ilikuwa hoja ya biashara kamili.

Hapo ndugu wa Pemba akakumbuka somo la chuoni: mkataba wa istisnaa. Katika sheria ya Kiislamu, mtu anaweza kuagiza kitu ambacho bado hakijatengenezwa, mradi sifa zake na bei yake vijulikane tangu mwanzo, na malipo yanaweza kutolewa kwa mafungu. Wakati ule Benki ya Watu wa Zanzibar ilikwisha kuanzisha huduma za Kiislamu, kwa hiyo jambo hili halikuwa geni visiwani.

Shauri letu likawa hivi. Fundi aiunde mashua ya uvuvi aliyokwisha kuagizwa. Kwa mwenye hoteli, akubali chombo kimoja tu kwanza, kwa mkataba. Fungu la kwanza lilipwe kabla ya mkuku kulazwa, la pili kabla ya mataruma, la tatu kabla ya kalafati, na la mwisho siku ya kushua. Cha pili kingoje mpaka cha kwanza kielee.

Ilikuwa saa tano na nusu. Tukagawana kazi: mmoja hesabu, mmoja mkataba, mmoja kalenda, mmoja kuandika. Tulikubaliana kwamba ikifika saa sita na nusu hakuna kubadilisha neno. Tulitupa kurasa nzima za habari za utalii na bei za mbao ambazo hazikugusa shauri letu. Kuzitupa kuliuma, lakini zingetula dakika zetu ishirini.

Mwamuzi mmoja alituuliza: mteja akitoroka katikati? Tulijibu kwamba mbao zimenunuliwa kwa fedha zake, na gamba la chombo lililofika nusu bado lina wanunuzi Nungwi. Mwingine akasema tumemnyima fundi faida ya chombo cha pili. Dada wa Moshi akajibu kwamba chombo kisicho na mnunuzi aliyetia saini ni mbao tu juu ya mchanga.

Tulishika nafasi ya pili. Walioshinda walishauri kukopa, na hesabu zao zilikuwa safi sana. Sina la kuwalaumu. Lakini mimi najua ni shauri lipi lingefuatwa hapa Nungwi.

Sasa, vijana wangu. Muda ukiwa mfupi, msianze kwa kuuliza "jibu ni lipi?" Anzeni kwa kuuliza "jibu hili ni la nani, naye ataweza kulifanya?" Kisha iwekeni hesabu juu ya kalenda, muone fedha zinaingia mwezi gani na kutoka mwezi gani. Na kila mtu apewe kazi yake mapema, maana nahodha wawili chombo huenda mrama.

Na kwetu sisi wazee, Ndugu Mwenyekiti, nina ombi. Humu ndani tunao wenye maduka, wenye mashua, wakulima wa mwani na karafuu, na watu wa mahoteli. Kila mwaka mmoja wetu aandike shida yake ya kweli, kurasa tatu zinatosha, awape wanafunzi wa Kidato cha Tano. Wafungiwe darasani saa tatu, kisha waje watueleze. Hazihitajiki fedha nyingi; chumba, karatasi na chai vinatosha. Mimi nitatoa kisa cha mwaka wa kwanza. Naomba hoja hii iingizwe katika kumbukumbu za mkutano na ijadiliwe kabla hatujaagana.

 Wali sasa uletwe.