Boliti Huliwa, Fundi Hulaumiwa

(Maneno tuliyowaambia mafundi katika mkutano wa tawi)

Ndugu wanachama, leo hatukuja kusema habari za mishahara. Twataka kusema habari za boliti, kwa maana boliti nazo zimeanza kutuletea barua za onyo.

Jambo lenyewe mwalijua. Fundi hupewa kazi ya nyuzi za kaboni, ile bodi nyeusi nyepesi iliyogandishwa kwa gundi. Stoo humpa ribiti za alumini, au boliti za chuma zilizopakwa zinki, kwa kuwa ndizo zilizopo. Afunga vizuri. Baada ya miezi kadha unga mweupe watokea kandokando ya ribiti, kazi yalegea, na fundi aitwa ofisini kuambiwa hakukaza. Ndivyo alivyofanyiwa mwenzetu katika karakana ambayo hatutaitaja. Alikatwa mshahara wa siku 3.

Sasa sikilizeni. Kaboni si kama mbao, yapitisha umeme. Ikigusana na metali dhaifu, na maji ya chumvi yakawapo, umeme mdogo hupita na ile metali huliwa. Kaboni iko upande mmoja na dhahabu: yenyewe hailiwi, humla jirani. Tena bodi ni kubwa na ribiti ni ndogo, basi nguvu ya bodi nzima huiangukia ribiti.

Habari hii si ngeni. Manowari moja ya Waingereza, jina lake Alarm, ilifunikwa tumbo kwa mabamba ya shaba nyekundu mwaka 1761. Ilipokaguliwa mwaka 1763, misumari ya chuma ilikuwa imeoza na mabamba yameachia. Lakini misumari mingine ilikuwa mizima. Kwa nini? Karatasi ya kaki iliyofungiwa mabamba ilikuwa imenaswa chini ya vichwa vyake, ikatenga chuma na shaba. Karatasi tu, ndugu!

Basi kazi yetu ni kutenga. Kati ya kaboni na alumini tieni kitambaa cha nyuzi za kioo, maana kioo hakipitishi umeme. Chini ya kichwa cha boliti wekeni washa ya plastiki ngumu, na tunduni bushi yake. Pakeni gundi ya kuzuia maji na kukaza ingali mbichi.

Katika rangi ndiko wengi wetu hukosea. Msipake alumini peke yake mkaiacha kaboni wazi. Rangi ikikwaruzwa kidogo, ulaji wote hukusanyika pale na kutoboa. Pakeni kaboni pia, na kingo zilizokatwa msizisahau.

Boliti iliyo bora ni ya titani. Ndege ya Boeing 787, ambayo Kenya Airways ilipokea ya kwanza mwaka 2014, karibu nusu ya uzito wake ni bodi za namna hii, na titani ni kama asilimia 15. Titani ni ghali, twakubali. Lakini washa ya plastiki ni ghali?

Tumewaandikia wasimamizi kwamba stoo iwe na washa, bushi na kitambaa cha kioo, na barakoa pia kwa wanaopiga msasa kaboni, kwa kuwa vumbi lake ni baya kifuani. Mpaka hapo, mwanachama akipewa ribiti tupu za alumini kwa kazi ya kaboni, aombe amri hiyo iandikwe na kutiwa sahihi, na nakala amletee mwakilishi wa chama. Ile kesi ya siku 3 tutaipeleka kwa meneja Jumatatu, na ribiti zilizoliwa tunazo mkobani.