Bolti Iliyoshikwa na Kutu

Leo tutasema juu ya bolti inayokataa kufunguka. Wenye somo hili mbele yao wafuate kwa kidole.

Lori linalopakia samaki na kamba Nyamisati, kwenye gati la vyombo vya Mafia, hupata chumvi kila safari. Maji ya kamba hutiririka kutoka bodini mpaka kwenye springi. Matope ya mikoko yana chumvi, na hewa ya delta ina unyevu. Hayo yakikutana na chuma, kutu huja upesi. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Kwa hiyo hujibana katikati ya meno ya bolti na meno ya nati, ikawa kama kabari.

Basi, springi imevunjika, lori limesimama Kibiti. Fundi anataka kufungua bolti zilizopinda kama herufi U, ambazo huishika springi kwenye ekseli. Desturi mbaya ni kutia bomba refu katika mpini wa spana na kuita vijana wanne wavute. Bolti ikikatika ghafla, wavutaji huanguka, na gari lililo juu ya jeki peke yake laweza kumwangukia aliye chini. Zuia magurudumu kwa mawe, kisha weka magogo imara chini ya chesisi. Jeki ni ya kuinulia gari, si ya kulishikilia.

Sasa sugua meno kwa brashi ya waya. Tia mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili nyepesi, kisha ngoja. Ukiweza, ngoja mpaka kesho. Mwenye gari atanung'unika, mwache anung'unike. Halafu gonga nati ubavuni kwa nyundo, huku umeegemeza nyundo nyingine upande wa pili. Kaza kidogo, ndipo ulegeze. Ikisogea, irudishe, utie mafuta tena, usiivute moja kwa moja.

Moto pia husaidia, kwa kuwa nati ikipata joto hutanuka na tundu lake hupanuka. Lakini futa kwanza mafuta yote, na usiwashe moto karibu na tangi wala mipira ya breki. Wala usichome kamwe nati za gurudumu lenye tairi lililojaa upepo. Tairi hilo laweza kupasuka na kuua watu. Kwa bolti za herufi U mimi naona heri kuzikata kwa msumeno wa chuma, maana springi mpya yataka bolti mpya.

Lakini kabla ya kusema nati ya gurudumu imeshika, soma mwisho wa bolti yake. Katika baadhi ya malori ya zamani, kama Bedford, nati za upande wa kushoto wa gari hufunguka kwa kuzungushwa kulia. Mara nyingi bolti hizo zimepigwa chapa ya herufi L. Asiyeijua herufi hiyo hudhani anafungua, kumbe anakaza mpaka bolti inakatika.

Je, ikikatika na kipande kikabaki ndani? Kikiwa kimechomoza, fundi wa kuchomelea aunganishe nati juu yake. Joto lile lile hulegeza kutu. Kikiwa kimezama, piga kishimo katikati kabisa, ukitoboe kwa keekee nyembamba, kisha utie chuma cha kung'olea chenye meno ya kushoto. Hapo usiwe na haraka hata kidogo. Tundu likienda pembeni, meno ya ndani huharibika, na kazi ya saa moja huwa ya siku mbili.

Ukifunga bolti mpya, kaza kwa zamu, hii kidogo na ile kidogo. Lori likiondoka Kibiti na mzigo, dereva asimame Ikwiriri, azikaze tena zote kabla ya kuvuka Daraja la Mkapa.