Mtambo Bila Utaratibu ni Hasara



Mmenitaka nizungumzie nafasi ya utaratibu katika uendeshaji wa huduma za kompyuta. Huenda wapo miongoni mwetu wanaodhani kwamba hilo ni jambo la mafundi peke yao. Sivyo hata kidogo. Mshahara wa mwalimu, hati ya kiwanja na namba ya malipo ya mwananchi, vyote sasa hupita katika mitambo hiyo. Mitambo ikisimama, anayerudi nyumbani mikono mitupu ni mwananchi, na anayelaumiwa ni karani aliyeko dirishani.

Tukiuliza mitambo hukwama kwa nini, wengi hujibu upesi: uchakavu, umeme, uhaba wa wataalamu. Sababu hizo zipo. Lakini ipo nyingine ambayo fedha peke yake haiwezi kuiondoa, nayo ni kukosekana kwa utaratibu ulioandikwa na unaofuatwa.

Tutazame mfano wa Marekani, mahali ambapo fedha na wataalamu havikukosekana. Tarehe 1 Agosti, 2012, kampuni ya udalali wa hisa ya Knight Capital ilianza kutumia programu mpya. Programu hiyo ilipaswa kuwekwa katika kompyuta nane. Iliwekwa katika saba. Ya nane ikasahauliwa, na humo ilikuwamo programu ya zamani iliyokwisha kuachwa kwa miaka mingi bila kufutwa. Soko lilipofunguliwa, kompyuta hiyo ikaanza kununua na kuuza hisa bila kikomo. Asubuhi ile, kabla ya soko kufunguliwa, mtambo wenyewe ulikuwa umekwisha kuwapelekea watumishi barua pepe 97 zilizotaja hitilafu, wala hazikushughulikiwa. Mafundi, katika kuhangaika, wakaiondoa programu mpya katika zile kompyuta saba zilizokuwa salama, na mambo yakazidi kuharibika. Kwa muda wa dakika 45 hivi, kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 460. Mwaka uliofuata ikachukuliwa na kampuni nyingine.

Je, kosa lilikuwa la nani? Ni rahisi kumnyoshea kidole fundi mmoja. Lakini tume ya serikali inayosimamia masoko ya hisa ilipotoa uamuzi wake mwaka 2013, ilionyesha kwamba hapakuwa na maandishi yoyote yaliyotaka fundi wa pili aikague kazi ya mwenzake. Binadamu husahau. Kazi ya utaratibu ni kuhakikisha kwamba usahaulifu wa mtu mmoja haugeuki kuwa msiba wa wote. Kwa hiyo utaratibu ni ngao ya mfanyakazi mdogo kabla ya kuwa rungu la mkubwa wake.

Serikali ya Uingereza ililitambua jambo hili mapema. Wakala wake wa kompyuta ulikusanya mbinu bora za kuendesha huduma hizo katika vitabu viitwavyo ITIL, ambavyo vya kwanza vilitoka mwishoni mwa miaka ya 1980. Miongoni mwa mafunzo yake, matatu yanatufaa hapa.

Kwanza, kila hitilafu iandikwe, na huduma irudishwe haraka. Pili, kurudisha huduma si kuponya ugonjwa. Mtambo ukikwama kila mwisho wa mwezi, kuuzima na kuuwasha ni kutuliza homa tu. Lazima awepo mtu aliyekabidhiwa kutafuta chanzo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tatu, badiliko lolote lisifanywe mpaka ijulikane nani ameliidhinisha, nani atalikagua, na njia ya kurudi nyuma ni ipi iwapo litashindikana.

Ndugu zangu, lipo onyo. Utaratibu usigeuzwe urasimu. Fomu yenye sahihi tano ambazo hakuna hata mmoja kati ya waliozitia aliyeisoma si utaratibu. Ni kichaka cha kujificha. Kila hatua na iulizwe: inazuia madhara gani? Ikikosa jibu, ifutwe. Na kwa mambo ya dharura, njia fupi iwe imekubaliwa mapema, isitungwe wakati nyumba inaungua.

Hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 imekwisha kuunda mamlaka ya kusimamia shughuli hizi. Lakini sheria haiandiki daftari la hitilafu, wala haijaribu kama nakala za akiba zinafunguka. Hayo ni wajibu wetu, ofisini na shuleni. Mkuu wa idara anayenunua kompyuta mpya pasipo kumteua mwenye kuzitunza na kumwandikia namna ya kuzitunza, amenunua mzigo. Tuanze na daftari moja, na jina la mtu mmoja mbele ya kila kazi. Kwa njia hiyo, siku mtambo utakapokwama, hatutaanza kutafuta wa kumlaumu; tutajua la kufanya.