Kijana Akiomba Kinga, Si Mvivu

Leo twaingia karakana ya kuchomelea vyuma.

Mwanagenzi akiomba kinga ya uso, mara nyingi fundi humjibu: "Vijana wa siku hizi mwapenda raha. Sisi tulichomelea na miwani ya jua, na bado twaona." Fundi hadanganyi, ndivyo alivyofunzwa. Lakini mwulize ni usiku ngapi alilala na kitambaa cha maji machoni.

Mwanga wa kuchomelea una miale isiyoonekana inayounguza sehemu ya mbele ya jicho. Maumivu hayaji papo hapo. Huja saa kadhaa baadaye, kijana akiwa amelala, kana kwamba amemwagiwa mchanga machoni. Asubuhi hawezi hata kutazama mlango. Asipofika kazini, huambiwa ni mvivu!

Miwani ya jua haitoshi. Maziwa na vipande vya viazi, ambavyo sote twavijua, si dawa. Usisugue macho, nenda kituo cha afya.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Kwa hivyo kijana huyo haombi zawadi.

Nawe mzee fundi, ikiwa kinga ni moja tu hapo karakanani, anayechomelea ndiye aivae, awe wewe au mwanagenzi. Wengine wasimame mbali na wageuze uso.