Kopo Lisilo na Jina na Ngozi ya Mtoto



Huenda mkashangaa kuwaona askari polisi wakizungumzia ukurutu wa watoto wachanga, ambao wengine huuita pumu ya ngozi. Sababu ni hii. Katika ukaguzi hapa mpakani tulikuta, ndani ya mfuko wa nepi, kopo la krimu lisilo na maelezo yoyote. Tulilichukua, tukamwonya mama, tukamwacha aende zake. Siku chache baadaye tulimkuta tena, ana kopo jingine la aina ile ile. Hapo tukatambua kosa letu: tulimwondolea dawa mbaya bila kumwambia afanye nini mtoto anapolia usiku kucha kwa mwasho. Leo tumekuja kulipa deni hilo, kwa maelekezo ya wahudumu wa afya.

Kwanza, ukurutu hauambukizi. Si uchafu wa mama, wala si husuda ya jirani. Ngozi ya mtoto huyo haihifadhi unyevu ipasavyo, hivyo hukauka, hupasuka na kuwasha. Kwenye ngozi nyeusi mara nyingi hauonekani kuwa mwekundu, bali huwa mabaka ya kahawia iliyokoza au ya kijivu, hasa mashavuni, kichwani, mikononi na miguuni.

Pili, matunzo ya kila siku hayana gharama kubwa. Mwogesheni mtoto kwa maji ya uvuguvugu, dakika 5 hadi 10, kwa sabuni isiyo na manukato. Mkausheni kwa kumgusagusa na kitambaa laini, msimsugue. Kabla ngozi haijakauka kabisa, mpakeni mafuta mazito ya mgando yasiyo na harufu, angalau mara 2 kwa siku, hata siku ambazo ngozi inaonekana njema. Mvisheni nguo za pamba zilizosuuzwa vizuri, na mkate kucha zake. Mama asiache kunyonyesha kwa sababu ya ukurutu.

Tatu, krimu za kificho. Baadhi yake zina steroidi kali sana, ambayo jina lake likiandikwa husomeka clobetasol. Hutuliza mwasho upesi, na ndiyo maana mama hurudi kuinunua. Lakini ikitumiwa muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba na huficha maambukizi. Tena ngozi ya mtoto mchanga hupitisha dawa kwa wepesi, hivyo yaweza kuingia mwilini na kudumaza ukuaji. Daktari naye huweza kuandika steroidi hafifu, kwa kiasi na siku maalumu. Hiyo ni tiba halali, msiiogope. Aliyekwisha kumpaka mtoto krimu kali kwa majuma mengi asiiache ghafla, bali aende kituo cha afya mara moja, na kopo alichukue.

Mkiona usaha, magamba ya manjano, malengelenge au homa, au mtoto akikataa kunyonya, msisubiri kupambazuke.

Kwenu wafanyabiashara: kuuza dawa bila leseni ni kosa la jinai, na faida ya kopo moja hailingani na afya ya mtoto. Kwenu akina mama: anayeleta kopo ili apate ushauri hatumhesabu kuwa mhalifu. Tunayemtafuta ni muuzaji. Semeni mlilinunua wapi, nasi tutawaelekeza kwa mhudumu wa afya kabla ya kuuliza jambo jingine lolote.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Msiifiche ngozi ya mtoto, wala msilifiche kopo.

 Mungu awalinde watoto wetu.